Kigiriki cha Kale na Sarufi Tuliyofundishwa Hapa

Mimi ni mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili. Siku hizi niko chuo kikuu huko Limuru, na mhariri ameniomba niandike juu ya somo ambalo watu wakilisikia huguna: Kigiriki cha kale. Nimekubali kwa furaha, kwani nina jambo moja la kuwaambia. Sarufi ya Kiswahili mnayofundishwa katika madarasa hayo mliyomo, yaani ngeli, viambishi na kauli za vitenzi, ndiyo iliyonipa njia ya kuingia katika Kigiriki. Wengi hudhani kwamba mtu wa kwetu akitaka kusoma lugha hiyo hana budi apitie mlango wa Kiingereza. Si kweli. Mara nyingi mlango wetu uko karibu zaidi.

Nitawaonyesha kwa mifano, na mwishoni kuna zoezi. Basi, kalamu na karatasi tayari?

1. Kigiriki kilichomo ndani ya dawati lako

Nimetaja kalamu na karatasi makusudi. Maneno haya mawili tuliyapata kutoka Kiarabu, lakini Waarabu nao waliyatoa mbali. Kalamu asili yake ni neno la Kigiriki kalamos, maana yake tete au unyasi, kwa sababu watu wa kale walichonga tete wakaandikia. Karatasi inatokana na khartes. Falsafa ni philosophia, yaani kupenda hekima. Almasi ni adamas, kitu kisichoshindika. Hata neno jinsi linatokana na genos. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema hajui neno hata moja la Kigiriki, ajue kwamba analo mfukoni.

Maneno mengine tumeyapokea kwa njia ya lugha za Ulaya. Biblia maana yake ni vitabu. Demokrasia ni demos, umma, pamoja na kratos, nguvu au utawala. Jiografia ni ge, ardhi, pamoja na grapho, naandika. Historia kwa Wagiriki ilikuwa uchunguzi, kuuliza-uliza mpaka ujue.

Na majina yetu je? Tuna akina George wangapi katika shule hii? George ni georgos, yaani mkulima: ge ni ardhi, na ergon ni kazi. Irene ni amani. Stephen ni taji. Peter ni jiwe. Dorcas ni paa, yule mnyama wa porini. Philip ni mpenda farasi, ingawa akina Philip ninaowajua mimi hawajawahi kumgusa farasi.

2. Herufi zisikutishe

Kigiriki kina herufi 24. Mtu akiziona mara ya kwanza hudhani ni kazi kubwa, lakini nyingi mmeshakutana nazo. Mwalimu wa hisabati amewafundisha pi na theta. Mwalimu wa fizikia amewaletea lambda, alpha, beta na gamma. Hivyo mnajua jina na umbo. Kilichobaki ni kujifunza kuzisoma ndani ya neno, na kwa mtu mwenye bidii hiyo ni kazi ya wiki moja au mbili.

Kuhusu matamshi, Mswahili ana bahati. Wagiriki wa leo wanatamka sauti kama th ya thamani, dh ya dhahabu na gh ya ghali. Mwingereza akifika kwenye gh, ulimi unamkwama. Wewe uliyezoea kusema lugha na shughuli unapita tu. Matamshi ya kale yalikuwa na tofauti zake, na vyuo havifuati mtindo mmoja, lakini msingi ndio huo.

Katika makala haya nitaandika maneno ya Kigiriki kwa herufi zetu, ili kila mtu aweze kufuata.

3. Nomino: tazama ncha

Hapa ndipo wengi wanapotoa jasho, kwa hiyo twende polepole.

Katika Kiswahili tunasema: Mkulima anampenda mwalimu. Tukibadilisha nafasi za nomino, tukasema: Mwalimu anampenda mkulima, maana imegeuka. Kwetu sisi, mahali neno lilipokaa ndipo panapotuambia nani ni kiima na nani ni yambwa. Sasa tazama Kigiriki:

ho georgos philei ton didaskalon
Mkulima anampenda mwalimu.

ton didaskalon philei ho georgos
Mkulima anampenda mwalimu.

Umeona? Maneno yamehama lakini maana haikuhama. Kulikoni? Siri iko kwenye ncha za maneno. Georgos yenye -os ni kiima, anayetenda. Didaskalon yenye -on ni yambwa, anayetendewa. Ukitaka kugeuza mambo, huhamishi maneno, unabadilisha ncha zake:

ton georgon philei ho didaskalos
Mwalimu anampenda mkulima.

Sisi wa nchi ya majani chai tunalielewa jambo hili upesi. Mtu akiingia shambani kuchuma hatazami mche mzima kutoka chini hadi juu. Macho yake yako kwenye ncha, anatafuta majani mawili na chipukizi. Msomaji wa Kigiriki naye hufanya hivyo. Anatazama ncha kwanza, ndipo anajua afanye nini na neno lile.

Wenzangu chuoni, hasa wale waliofikiri kwa Kiingereza peke yake, walilalamika kwamba mtindo huu si wa kawaida. Mimi nilijiuliza: si wa kawaida kwa nani? Katika Kipsigis, lugha ya nyumbani kwetu Bomet, kitenzi hutangulia, kisha nomino zote mbili hukaa nyuma yake. Basi msikilizaji anajuaje nani amempenda nani? Anajua kwa toni. Nomino ileile hupanda au hushuka kwa sauti kulingana na kazi yake katika sentensi. Gogo, nyanya yangu, hajawahi kusikia neno yambwa, lakini sikio lake halikosei hata siku moja. Kazi ambayo Mgiriki aliifanya kwa ncha ya neno, Mkipsigis anaifanya kwa sauti. Tangu nilipoliona hilo, jambo lile halikuwa geni tena kwangu.

4. Upatanisho: ngeli zimetutayarisha

Nomino za Kigiriki zimegawanywa katika makundi matatu ambayo vitabu huyaita jinsia: ya kiume, ya kike na ya kati. Kivumishi hakina uhuru, lazima kikubaliane na nomino yake. Tuchukue kivumishi chenye maana ya -zuri:

ho kalos georgos: mkulima mzuri
he kale chora: nchi nzuri
to kalon dendron: mti mzuri

Sasa nawauliza, mwanafunzi aliyezoea kusema mtu mzuri, kitabu kizuri, jani zuri, maua mazuri, ataona nini cha ajabu hapa? Kwa Mwingereza kivumishi hakibadiliki kamwe, kwa hiyo lazima afundishwe upatanisho tangu mwanzo. Sisi tumefundishwa mpaka tukachoka! Mnakumbuka ile mistari ya ngeli tuliyokuwa tukiikariri asubuhi, mwalimu amesimama mlangoni? Basi ilikuwa akiba. Na kama ngeli zetu zote hazikukushinda, makundi matatu ya Wagiriki yatakushindaje?

Wengine huuliza, kwa nini mti uwe wa kati na nchi iwe ya kike? Nami nauliza, kwa nini kijiko kiwe KI-VI na mkono uwe U-I? Ni kundi tu. Lakini tukitaka mfano wa jinsia halisi katika lugha, tusiende mbali. Tazama majina ya darasani: Kiprono na Cherono, Kiplangat na Chelangat, Kipkoech na Chepkoech. Kip- ni wa kiume, Chep- au Che- ni wa kike. Mgiriki angesema ho na he.

5. Kitenzi: nafsi imehamia nyuma

Vitabu vingi vya sarufi ya Kigiriki hutumia kitenzi kimoja cha mfano chenye mzizi lu-, maana yake fungua, kwa maana ya kufungua kilichofungwa. Tazama:

luo: ninafungua
lueis: unafungua
luei: anafungua
luomen: tunafungua
luete: mnafungua
luousi: wanafungua

Wenzetu Waluo wasianze kufurahi, hilo neno la kwanza haliwahusu! Lakini angalieni jinsi kitenzi kilivyojengwa. Neno moja tu, na ndani yake mna mtendaji na tendo. Kiingereza kinahitaji maneno mawili au matatu. Kiswahili kinahitaji moja, kama Kigiriki. Tofauti ni kwamba sisi tunaiweka nafsi mbele, ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na wao wanaiweka nyuma. Nilipoliona jedwali hilo mara ya kwanza nilichora mshale kutoka mwanzo wa neno letu hadi mwisho wa neno lao, basi, nikalielewa.

Sasa nyakati:

luo: ninafungua
eluon: nilikuwa nikifungua
luso: nitafungua
elusa: nilifungua
leluka: nimefungua

Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Kiswahili kinatenganisha nilifungua na nimefungua. Nikikuambia nilisimama, tendo limepita, huenda sasa nimeketi. Nikikuambia nimesimama, maana yake niko wima sasa hivi, nitazame. Vivyo hivyo na amelala, amechoka, ameketi, amekufa. Hiyo -me- inatuonyesha tendo ambalo matokeo yake bado yapo.

Kigiriki kina wakati ambao kazi yake inafanana sana na hiyo. Neno hesteka limetokana na kitenzi cha kusimama. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza hukariri kanuni kwanza, kisha huambiwa kwamba kitenzi hiki hakifuati tafsiri ile ya kawaida, bali maana yake ni kuwa katika hali ya kusimama. Mimi niliandika pembeni mwa daftari: nimesimama. Halafu tethneke: amekufa. Sikuhitaji maelezo zaidi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amenifundisha wakati huo wa Kigiriki bila yeye mwenyewe kujua.

Na kauli? Kiswahili kina kauli nyingi: kutendwa, kutendea, kutendana, kutendesha, kutendeka. Kigiriki kina tatu, yaani kutenda, kutendwa, na moja katikati yake ambayo mtendaji anatenda na tendo linamrudia mwenyewe. Mfano, louo ni ninaosha, kama vile kuosha mtoto. Louomai ni ninaoga. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba sufuria huoshwa na mtu huoga.

6. Tafsiri: gogo aliuliza lini

Ukishajua sarufi, unaanza tafsiri, na hapo ndipo lugha inapokupima. Mwaka wa pili tulipewa hadithi fupi za Aisopo, yule msimuliaji wa Kigiriki ambaye hadithi zake za wanyama zimeenea dunia nzima. Likizo ilipofika nilizibeba hadi nyumbani, nikajaribu kuzitia katika Kiswahili na katika Kipsigis, halafu nikamsomea gogo.

Ya kwanza ilikuwa ya mbweha aliyeyarukia matunda ya mzabibu yaliyoning'inia juu, akashindwa kuyafikia, akaenda zake akiyatia ila. Kwa Kiingereza msemo unaotokana na hadithi hii unasema kwamba matunda yalikuwa machungu kwa ukali. Lakini neno la Kigiriki lililomo ni omphakes, na maana yake ni zabibu ambazo hazijaiva. Hapa sikuhitaji kuhangaika, kwa sababu msemo wetu wa Kiswahili unaotokana na hadithi hiyohiyo unayaita matunda mabichi. Kumbe Kiswahili kilikuwa karibu na Mgiriki kuliko Kiingereza! Kama ningetafsiri kutoka Kiingereza, ningeleta ukali wa ulimini mahali ambapo msimuliaji alitaja ubichi. Si kosa la kuua mtu, lakini ni tofauti. Tunda kali haliwi tamu. Tunda bichi litaiva kesho, na mbweha analijua hilo.

Kwa Kipsigis mambo yalikuwa mengine. Kwanza, gogo hajawahi kuona mzabibu, na shambani kwetu Bomet haupo. Niliambiwa na rafiki mmoja niweke tunda lingine. Nikafikiri, nikaona kwamba tunda lolote halifai: lazima liwe juu, lazima litambae, lazima liwe kichala. Mwishowe nilitaja matunda ya mmea unaotambaa juu ya mti, nikaendelea. Rafiki huyo alitaka pia nimtoe mbweha nimweke sungura, maana katika hadithi zetu mjanja ni sungura. Hilo nilikataa. Mgiriki alisema mbweha, na mbweha tunaye.

Taabu kubwa ilikuwa kwenye kitenzi. Nilipofika pale mbweha alipofika, gogo alinikatiza: "Lini?"

Nikamwambia, "Hadithi haisemi, gogo."

"Alikuja leo, au jana, au zamani?"

Wasomaji wasiojua Kipsigis, ngojeni nieleze. Katika lugha yetu wakati uliopita una ngazi tatu. Mwanzoni mwa kitenzi huja ka ikiwa tendo ni la leo, ko ikiwa ni la jana au siku chache zilizopita, na ki ikiwa ni la zamani. Huwezi kusema alikuja na kunyamaza hapo. Lazima uchague. Kigiriki hakichagui. Kitenzi chake cha wakati uliopita kinasema tu kwamba jambo lilitendeka, kikamaliza. Kwa hiyo mtafsiri anayeingia Kipsigis analazimika kusema jambo ambalo mwandishi hakulisema. Kwa hadithi ya mbweha ni rahisi, unaweka ki, ni zamani. Lakini fikirini mtu anayetafsiri ushahidi, au barua, au habari iliyosimuliwa na mtu aliyekuwapo. Akiweka ka badala ya ki ameigeuza habari. Ni lazima asome matini yote, apime, ndipo achague.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Kigiriki kinatofautisha autos na aute, yeye mwanamume na yeye mwanamke. Sisi tuna yeye tu, na a- yake. Katika habari ya mume na mke wanaojibizana, Mgiriki anajua wakati wote nani anasema. Msomaji wa Kiswahili anapotea mstari wa tatu. Itabidi umtaje mtu kwa jina au kwa cheo chake, na kila ukimtaja umeongeza neno. Halafu kuna maneno yenye maana nyingi. Pneuma ni upepo, ni pumzi, ni roho. Logos ni neno, ni hoja, ni hesabu. Hakuna neno letu linalobeba yote. Unachukua moja, unaacha mengine mlangoni.

Ndiyo maana nawaheshimu waliotutangulia. Askofu Edward Steere aliyefika Zanzibar mwaka 1864, na wenzake wa Mombasa waliofuata nyayo za Krapf, walikutana na mambo haya wakati wa kutafsiri Biblia, wakachagua kila mmoja kivyake. Ndipo baadaye matoleo ya Kiunguja na Kimvita yakaunganishwa katika Biblia ya mwaka 1952. Biblia ya Kikalenjin ilitoka mwaka 1969. Upande wa fasihi, tamthilia ya Sophocles imo katika Kiswahili kwa jina Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel S. Mushi iliyotoka mwaka 1971. Kila ukurasa wa vitabu hivyo mtu alikaa akachagua kwa niaba yetu. Je, nani kati yetu anaweza kufungua matini asilia na kuona alichagua nini?

7. Pwani yetu katika Kigiriki

Kuna sababu nyingine inayotuhusu zaidi sisi wapenzi wa Kiswahili. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoeleza pwani ya Afrika Mashariki ni kitabu cha Kigiriki. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea, na kiliandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mtu asiyejulikana jina, mfanyabiashara Mgiriki wa Misri. Peri ni kuzunguka, na plous ni safari ya baharini. Anataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa yaliyouzwa pwani hii. Anasema kwamba manahodha Waarabu waliokuja huku waliijua lugha ya wenyeji na walioana nao. Fikirini, karibu miaka elfu mbili iliyopita!

Katika kitabu hicho mji wa mwisho wa biashara unaitwa Rhapta. Wataalamu bado wanabishana ulikuwa wapi. Ukisoma tafsiri ya Kiingereza unaona jina tupu, kama majina mengine. Lakini ukijua Kigiriki, jina linasema. Rhapto ni ninashona, na rhapta ni vilivyoshonwa. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba mji ulipewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vidogo vilivyoshonwa, rhapta ploiaria.

Hapo nilipiga meza. Vyombo vilivyoshonwa si ndiyo mitepe? Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila misumari, na ulionekana pwani hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Na tazameni sarufi. Ploion ni chombo cha baharini. Ukitia -arion unapata ploiarion, chombo kidogo, kama vile sisi tunavyotoka mlango tukapata kilango. Wingi wake ploiaria ni wa ile jinsia ya kati, na rhapta inapatana nao, kama vyombo vidogo vilivyoshonwa, vi- kwa vi-. Maneno mawili ya Kigiriki yakaingia katika ngeli yetu ya KI-VI kana kwamba yalikuwa yakiingoja. Sijaona lugha nyingine niijuayo ambayo ingeyapokea vizuri hivyo.

8. Je, kitakulipa?

Najua swali hili linawawasha, kwa sababu baba yangu aliniuliza. Karo yangu inatoka katika majani chai. Mama huchuma, mimi na ndugu zangu huchuma wakati wa likizo, vikapu hupelekwa kituoni vikapimwa, na bonasi ikija mwezi wa Oktoba sehemu yake kubwa inakuja Limuru. Mzee alisema, "Kigiriki? Hao Wagiriki wa kale watakuja kununua chai yetu?" Swali la haki kabisa. Wagiriki wa kale hata hawakuwa na neno la chai. Wa leo wanaiita tsai.

Sitawadanganya. Sijaona tangazo la kazi linalosema anatakiwa mjuzi wa Kigiriki cha kale. Hapa nchini lugha hii hufundishwa hasa katika vyuo vya theolojia, na wengi wanaoisoma wanaelekea huko au kwenye kazi za tafsiri. Lakini nilimwambia mzee hivi: anayepeleka majani kituoni husimama karibu na mizani ili asome uzito mwenyewe, hata kama karani ni mtu mwema. Nami nataka kuisoma mizani mwenyewe. Mzee alinyamaza, kisha akasema nisome basi, lakini nisome kweli. Deni hilo ninalo hadi leo, na kila bonasi ikija ninalikumbuka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msidharau kipindi cha sarufi. Msiseme ngeli ni za mtihani tu. Na lugha za nyumbani, ziwe Kipsigis, Ekegusii, Dholuo au Kiluhya, msizione haya. Huwezi kujua ni ipi itakayokufungulia mlango siku moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Zoezi

A. Tafsiri kwa Kiswahili:
1. ho didaskalos philei ton georgon
2. ton didaskalon luei ho georgos
3. luomen
4. lusousi

B. Andika kwa Kigiriki:
5. Utafungua (wewe).
6. Mkulima anafungua.

C. Jaza pengo kwa kalos, kale au kalon:
7. to ______ dendron
8. ho ______ didaskalos

Majibu (usichungulie kabla ya kujaribu!): 1. Mwalimu anampenda mkulima. 2. Mkulima anamfungua mwalimu. 3. Tunafungua. 4. Watafungua. 5. luseis. 6. ho georgos luei, au luei ho georgos, zote sawa, na sababu unaijua. 7. kalon. 8. kalos.

Aliyepata sita au zaidi ajihesabu ameanza Kigiriki. Aliyepata chini ya hapo arudi sehemu ya tatu, atazame ncha. Kiswahili kitukuzwe!